Mtihani wa Mama

Mliokuwa nami Jumapili iliyopita mliniacha nimekaa kwenye ngazi za shule, mkononi nina barua ya mwalimu mkuu. Barua ilisema tovuti niliyowatengenezea inafaa watoto wa chekechea, na shule yao ni ya sekondari. Huyo alikuwa mteja wa tatu kunikimbia ndani ya miezi miwili. Kabla yake alikwenda mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kabla ya huyo, mpiga picha za harusi.

Wasomaji mmeniandikia. Mmoja ameniambia nina mkosi. Ningefurahi kuwa na mkosi, ndugu yangu, maana mkosi hauna mwenyewe. Changu mimi kina mwenyewe, na wiki nne nzima nimekuwa nikikizungukazunguka hapa gazetini bila kukigusa. Leo nakigusa.

Kwa aliyejiunga sasa hivi: mimi natengeneza tovuti. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la mchonga funguo, meza mbili, feni moja na dirisha lisilofunguka. Tuko wawili tu. Mwenzangu ni mwanamke niliyesoma naye, hodari wa programu kunishinda mbali, na tunamwita Kimya kwa sababu hajawahi kuwa hivyo hata siku moja.

Biashara ndogo kama yetu inaishi kwa mawazo. Mtu anayetaka jina kubwa huenda kwenye kampuni kubwa. Anayepanda ngazi zetu anataka kitu ambacho jirani yake hana. Mawazo yakikauka umeshafunga, hata kama mlango uko wazi na feni inazunguka.

Mawazo yangu yalikuwa na chemchemi, na chemchemi hiyo niliishi nayo nyumba moja. Ni Mama.

Mama alikaa miaka thelathini na moja nyuma ya dirisha la posta. Siku moja, alipokuwa ameshastaafu na kuhamia kwangu, nilimwekea mbele kompyuta yenye tovuti ya fundi wa pampu za maji. Nikamwomba atafute namba ya simu ya huyo fundi. Akatafuta, akakosa, akaniuliza kwa nini nimeificha.

"Mtu akifika dirishani hasomi mabango," akaniambia. "Anataka aulizwe shida yake. Basi muulize."

Nikafuta kila kitu. Katikati ya ukurasa nikaweka swali moja: Umekuja na shida gani? Chini yake majibu manne ya kubonyeza. Mama akaipata namba kwa sekunde kumi na nne. Tovuti ile ikapewa tuzo na chama cha wafanyabiashara wadogo, nikaitwa jukwaani, nikaombwa niwaeleze wenzangu namna ya kubaki na ari ya ubunifu mwaka hadi mwaka.

Nikawaeleza. Niliwaambia waamke mapema, watembee kwa miguu, wasome mambo yaliyo nje ya kazi zao. Watu waliandika kwenye madaftari. Mama alikuwa safu ya tatu, amejipamba, mkoba magotini, na sikumtaja hata kwa bahati mbaya. Njiani kurudi nyumbani aliniambia nimesema vizuri sana.

Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza. Iko ya pili, tutaifikia.

Tangu hapo hakuna kazi iliyotoka ofisini bila kupita kwa Mama. Tuliuita mtihani wa Mama. Tukishakula chakula cha jioni naondoa sahani, naweka kompyuta mezani, namwambia atafute kitu fulani, nashika saa. Sekunde naziandika kwenye faili. Akipata upesi, kazi imeiva. Akikwama, naifumua yote naanza upya, tena kwa furaha, maana kila alipokwama alisema neno, na neno lake lilinipa wazo.

Miaka mitatu mambo yalikwenda hivyo. Halafu Mama akaanza kukwama kila siku.

Kwanza sekunde arobaini. Kisha dakika nzima. Kisha dakika tatu, kidole kinaelea juu ya kioo hakijui kitue wapi, mwisho anaisukuma kompyuta upande wangu.

"Hii umeifanya ovyo. Rudia."

Narudia. Nakuza maandishi, napunguza vitufe, naondoa picha. Anakwama tena, nami napunguza tena. Mpiga picha za harusi akaniuliza picha zake zimekwenda wapi, kwa sababu nilikuwa nimebakiza mbili. Mwenye duka la vifaa akasema ukurasa wake unafanana na kibao cha mlango wa choo. Mwalimu mkuu mnamjua.

Nikaamini nimeishiwa. Nikaamka mapema nikatembea kwa miguu. Nikasoma habari za nyuki, za madaraja, za watu wanaotengeneza kengele. Yaani nilikunywa ile dawa niliyowapa wengine kule jukwaani, nikagundua kuwa ni maji matupu.

Mwezi uliopita, nikiwa hoi namna hiyo, niliingia jikoni nikaona kitu kikanifufua.

Mama alikuwa amebandika vikaratasi kwenye milango ya makabati. Vikombe. Chumvi na sukari. Sahani za wageni. Neno moja moja, mawili mawili, kwa mwandiko wake wa posta ulionyooka. Kwenye swichi ya jiko la umeme: Zima. Nilisimama pale nikitazama kama mtu aliyeonyeshwa njia. Nikavipiga picha, nikakimbia navyo ofisini, nikamwambia Kimya aone jinsi mama wa miaka sabini na mbili anavyotushinda wasomi. Tovuti ya mfamasia tutaijenga hivi hivi, nikasema, kila kitu na jina lake.

Kimya akazitazama zile picha muda mrefu. Kwa mara ya kwanza alilistahili jina lake. Kisha akauliza Mama amekaa kwenye nyumba ile muda gani. Nikamjibu miaka tisa. Akauliza mtu aliyepika humo miaka tisa anahitaji karatasi ya nini kumwonyesha vikombe vilipo.

Nikamwambia hajui ubunifu.

Sasa ile aibu ya pili. Vikaratasi vilikuwa kumi na viwili, na picha nilipiga kumi na moja. Cha kumi na mbili kilikuwa chumbani kwa Mama, ukutani, karibu na mto, usawa wa macho ya mtu aliyelala. Kiliandikwa: Unaishi na mwanao. Yuko kazini. Atarudi saa kumi na mbili.

Nilikisoma. Nikafunga mlango polepole, nikarudi jikoni kupiga picha makabati, nikajitia hamnazo. Nilijua, msomaji. Nilinyamaza kwa sababu kama Mama anaumwa, mtihani umekufa, na bila mtihani sikujua mimi ni fundi wa aina gani. Niliogopa kumpoteza, ndiyo. Lakini nisiwadanganye, niliogopa zaidi kupoteza kazi.

Wiki hiyo hiyo dada yangu akapiga simu. Dada ndiye mkubwa, anaishi mbali, safari ya saa nane kwa gari. Akauliza Mama anaendeleaje. Nikamwambia mzima kama chuma. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia asinitie wasiwasi, nina kazi ya mfamasia. Akasema "haya" tu. Nilishangaa, maana Dada hasemi "haya" kirahisi namna hiyo, lakini nilikuwa na haraka.

Huyo mfamasia ndiye mteja wetu wa mwisho. Ana maduka matatu ya dawa, na anataka wagonjwa waagize dawa kwa simu badala ya kusimama foleni huku wanakohoa. Siku ya kumkabidhi ilikuwa Jumatatu iliyopita. Tulikuwa tumeshamtengenezea tovuti mara sita, na zote sita Mama alizikataa, nami sikuthubutu kumpelekea hata moja.

Kimya akachoka. Kampuni moja kubwa ilikuwa imempa kazi na meza karibu na dirisha, tena dirisha linalofunguka. Akaniambia bila kuuma maneno kwamba Jumamosi tunamaliza, na tusipomaliza, Jumatatu atakuwa kwenye meza yake mpya na mimi nitabaki na feni.

Basi Jumamosi asubuhi alikuja nyumbani na kompyuta yake mwenyewe. Akamwamkia Mama kwa adabu. Mama akamwita "binti yangu", akauliza kama wazazi wake hawajambo. Akajibiwa hawajambo. Mama akampisha kiti, Kimya akakaa, Mama akauliza kama wazazi wake hawajambo. Kimya akajibu tena, kwa sauti ile ile, na hakunitazama.

Mama alikuwa amevaa vizuri kuliko kawaida ya asubuhi. Viatu na soksi. Nilidhani ni kwa ajili ya mgeni.

Kimya akafungua kompyuta mbele yake. Nikasogea kuangalia, nikaona haikuwa tovuti ya mfamasia. Ilikuwa ile ya fundi wa pampu, ya tuzo, kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Nikamnong'oneza anafanya nini. Kimya hajui kunong'ona.

"Ulinifundisha mwenyewe," akasema. "Kitu kikiharibika na hujui kosa liko wapi, rudi nyuma mpaka kwenye toleo lililokuwa linafanya kazi. Likifanya kazi, kosa liko kwenye mapya. Likikataa na lenyewe..."

Hakumaliza. Hakuwa na haja, maana kila fundi wa kazi yetu anajua mwisho wa sentensi hiyo. Likikataa na lenyewe, kosa haliko kwenye tovuti.

Nilitaka kuifunga ile kompyuta. Mkono haukwenda. Ningesema nini, kwamba nakataa kujua? Nikabaki nimesimama nyuma ya kiti cha Mama kama shahidi aliyeletwa kwa nguvu.

Kimya akamwomba atafute namba ya simu ya fundi. Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Umekuja na shida gani?" Akatabasamu. "Swali zuri hili. Aliyeliandika ana akili."

Nilingoja acheke. Mama ni mtani, amenitania tangu nikiwa nanyonya, nikajua sasa hivi atageuka aniulize kama na mimi nimelisahau. Hakugeuka. Hakuwa anatania.

Kidole kikaanza kuelea. Kikaenda kwenye jibu la kwanza, kikarudi, kikashuka chini ambako hapakuwa na kitu. Hakuna aliyeshika saa. Nje kuna lori lilikuwa linageuza kwenye njia yetu nyembamba, likarudi nyuma, likaja mbele, likarudi tena, mpaka likafanikiwa na kwenda zake, na kidole cha Mama bado kilikuwa hewani. Nilitamani nimshike mkono nimpeleke pale panapotakiwa. Moyoni nilimpeleka. Akaisukuma kompyuta.

"Hii umeifanya ovyo," akasema. "Rudia."

Kimya akanyanyuka, akaenda akasimama dirishani, akatupa mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alikuja kunishinda na ameshinda, na ushindi wenyewe umemchoma.

Mama akavua miwani. Akamtazama Kimya, akanitazama mimi.

"Mbona analia? Ile ilikuwa ya zamani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ile yetu?"

"Ile yetu, Mama," nikasema. Neno yetu lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu juu ya kazi ile, na lilipotoka halikumfaa mtu.

Mama akaikunja miwani, akaiweka mezani. Kisha akazungumza, kwa utulivu kabisa, kama alivyokuwa akimweleza mtu kwenye dirisha la posta kwamba kifurushi chake kimepotea. Alisema amejua tangu mwaka jana, tangu siku aliyotoka kununua mkate akafika njia panda na hakukumbuka nyumba iko upande gani. Alisimama pale mpaka jirani akapita, akamfuata jirani. Akaamua kuficha. Na mahali rahisi pa kujificha, akasema, palikuwa nyuma ya kazi yangu. Kila alipopotea kwenye kioo aliusingizia ukurasa. Aliona haina madhara, nitatengeneza upya, mimi napenda kutengeneza upya. Mpaka siku aliponisikia kwa ukuta nikimbembeleza mwalimu mkuu kwenye simu.

"Wale watatu niliwafukuza mimi," akasema. "Wewe hukuishiwa kitu, mwanangu. Ni mimi niliona aibu."

Watu husema ukweli unatua mzigo. Mimi haukunitua. Miezi yote ile nimejiita mtu aliyekauka, kumbe sikukauka, na sikufurahi. Tovuti zote zile nilizozivunja zilikuwa nzima. Nilikuwa nimezikata mikono na miguu mimi mwenyewe ili zimtoshe mtu aliyekuwa anapotea mbele ya macho yangu.

Nikaanza kusema. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikasema tutakwenda kwa daktari wiki ijayo, siku hizi kuna dawa, tutapanga, mimi nitafanyia kazi nyumbani, Kimya atakaa ofisini. Nikasema vikaratasi nitaviandika vizuri zaidi, nitavichapa. Nilijisikia nikisema hivyo na nikaona haya.

Mama akaniacha nikaishiwa maneno.

"Nimeshaongea na dada yako," akasema. "Wiki ya nne sasa. Leo anakuja kunichukua."

Nikasema haiwezekani, Dada alinipigia juzi juzi tu, akaniuliza hali yako, hakusema kitu.

"Alikuuliza kwa sababu nilimwomba akuulize. Nilimwambia, kama mdogo wako ataona, basi nitabaki hapa nilipozoea. Kama haoni, njoo." Akashusha pumzi. "Ukamwambia mzima kama chuma."

Kimya aligeuka pale dirishani. Nilimwona kwa pembe ya jicho akiniangalia, na sikuweza kumtazama. Nilikumbuka ile "haya" ya Dada kwenye simu, na sasa nikaisikia ilivyokuwa.

Mama hakuwa na hasira. Angekuwa nayo ningejua pa kushika. Alisema mtu anayeona anaweza kuishi naye, hata kama kesho yeye Mama atasahau jina lake mwenyewe. Kwa asiyeona, siku moja Mama ataacha jiko limewaka, nyumba itaungua, na yule mtu yuko mezani anakuza maandishi.

"Nimeona sasa," nikasema. "Kaa, Mama. Tafadhali kaa."

"Nikae kama nani?" akauliza. "Kama mama yako, au kama kipimo chako?"

Aliuliza taratibu, bila kejeli. Alitaka kujua. Na jibu liko wazi, hata mtoto analijua, lilitakiwa litoke kabla hajafunga mdomo. Nikafungua wangu. Na jambo la kwanza lililonijia kichwani, Mungu anisamehe, ilikuwa Jumatatu. Ilikuwa mfamasia, na nani ataniambia sasa kama tovuti yake imeiva.

Sekunde moja tu, au pungufu. Lakini Mama amesoma nyuso za watu miaka thelathini na moja, na wangu ameusoma miaka thelathini na sita. Niliona alivyoliona.

Gari likasimama nje. Mlango wake ukafungwa, nikasikia hatua za Dada ngazini, nzito, za mtu aliyesafiri tangu usiku wa manane. Mama akainama, akatoa begi chini ya meza. Lilikuwa pale tangu asubuhi, karibu na mguu wangu, limefungwa zipu.

Dada akabisha hodi. Akabisha tena, akaniita kwa jina langu la utotoni.

Mama aliliweka begi magotini na hakunyanyuka. Alikuwa bado ananitazama, anangoja nijibu.